Vita ya simu ni ya usiku, wazazi wanapigana mchana

*Likizo ya Desemba hurudisha nyumbani ugomvi uleule kati ya mzazi na kijana. Ushahidi uliopo unaonyesha kuwa tumekuwa tukigombania saa zisizo zenyewe.*

Mitihani ya Kidato cha Nne huisha Novemba, matokeo hutoka Januari, na Kidato cha Tano huanza Julai. Katikati hapo kuna miezi ambayo kijana wa miaka 17 hana kengele, hana paredi wala mwalimu wa zamu, na mara nyingi ndipo anapokabidhiwa simu janja yake ya kwanza. Inaweza kuwa ya kaka aliyenunua nyingine, ya mama yenye kioo kilichopasuka pembeni, au mpya kabisa, zawadi ya kumaliza shule. Wiki ya kwanza kila mtu anafurahi. Ikifika ya tatu nyumba imeshapata ratiba mpya: saa saba usiku mwanga unaonekana ndani ya chandarua, saa nne asubuhi kijana bado kajifunika gubigubi, chai imepoa mezani, na mama anapita mlangoni akirudia maneno ya jana. Jioni baba anamkuta kwenye kochi, kichwa kimeinama, kidole gumba kinapandisha video moja baada ya nyingine. "Hiyo simu nitaivunja." Haivunjwi. Inanyang'anywa siku mbili, kisha inarudishwa kwa sababu mama anataka kumpata akiwa sokoni, na mchezo unaanza upya.

Ugomvi huo hauna tofauti kubwa kati ya Mbagala na Sinza, wala kati ya Mwanza na Nairobi. Mzazi anaona simu mkononi na kila dakika anaihesabu kuwa hasara. Kijana anaona simu ndiyo kijiwe chake, redio yake na maktaba yake, na kila amri anaihesabu kuwa uonevu. Wote wawili wanabishania swali moja, simu iwepo au isiwepo. Hoja ya makala haya ni kwamba swali hilo limekaa vibaya. Lenye ushahidi nyuma yake, na ambalo mzazi wa kawaida anaweza kulishinda bila kuigeuza nyumba kuwa kituo cha polisi, ni hili: usiku simu inalala wapi?

Kutoka marufuku hadi uhuru mtupu

Shule zetu za sekondari, hasa za bweni, hazina kigugumizi katika jambo hili. Simu ni marufuku. Mwanafunzi akikamatwa nayo anarudishwa nyumbani akamlete mzazi, na zipo shule ambazo simu hupondwa kwa nyundo mbele ya paredi ili wengine wapate somo. Msimamo huo unaeleweka, kwa kuwa mwalimu mmoja wa zamu hawezi kuwapitia wanafunzi mamia kujua nani anasoma na nani anatazama nini. Wala si ukali wa Tanzania peke yake. UNESCO, katika ripoti yake ya elimu duniani ya mwaka 2023, ilikuta takriban nchi moja kati ya nne ina zuio la simu shuleni, na ikashauri simu iingie darasani pale tu inaposaidia kujifunza.

Shida ni kinachotokea geti likifunguliwa. Kijana anatoka kwenye miezi ya marufuku anaingia katika nyumba isiyo na kanuni yoyote iliyotamkwa, kwa sababu mzazi naye amezoea kwamba kudhibiti simu ni kazi ya shule. Ndani ya miaka minne hakukuwa na siku hata moja ambayo mtu alimfundisha kuwa na simu na kuiweka chini. Amejifunza mambo mawili tu: kuikosa na kuificha. Aliyefanikiwa kuingiza simu bwenini ndani ya kopo la maziwa ya unga, akaichaji kwa zamu na wenzake wanne na kuitumia chini ya shuka baada ya taa kuzimwa, amejijengea tabia ambayo haitabaki bwenini. Atarudi nayo nyumbani, na nyumbani hakuna matroni.

> "Amejifunza mambo mawili tu kuhusu simu: kuikosa na kuificha."

Mwanafunzi wa kutwa ana hadithi nyingine. Kwake simu mara nyingi ni ya mama, na simu ya mama ndiyo benki, ndiyo duka, ndiyo mawasiliano na wateja wa vitenge au maandazi. Anaiomba jioni "niangalie kazi ya tuisheni", na inarudi usiku wa manane ikiwa na asilimia 3 za chaji. Hata laini si yake. Tangu usajili wa laini uanze kufanyika kwa alama za vidole na kitambulisho cha Taifa, zoezi ambalo tarehe yake ya mwisho ilikuwa Januari 20, 2020, kijana ambaye hajafika miaka 18 kwa kawaida hutumia laini iliyosajiliwa kwa jina la mzazi au mlezi. Wazazi wachache hukaa wakafikiria maana ya jambo hilo: kila ujumbe, kila muamala na kila picha inayotoka kwenye namba hiyo inabeba jina lao.

Kwamba watoto wako mtandaoni si suala la kubishia tena; la kutazama ni yanayowapata huko. Ripoti ya mwaka 2022 iliyotolewa na mashirika ya ECPAT, INTERPOL na UNICEF kuhusu Tanzania ilikuta asilimia 4 ya watoto wa miaka 12 hadi 17 wanaotumia intaneti walifanyiwa ukatili mkubwa wa kingono kupitia mtandao ndani ya mwaka mmoja tu. Kwa makadirio ya nchi nzima hao ni watoto wapatao 200,000. Tena wengi wa waliowatendea hivyo hawakuwa wageni kutoka mbali, walikuwa watu ambao mtoto anawafahamu. Takwimu hiyo inatosha kumtoa mzazi kwenye usingizi wake mwenyewe, lakini haimwambii la kufanya kesho jioni.

Sayansi, hofu na viazi

Mzazi anayetaka kuambiwa kwamba simu inamharibu mwanawe atapata wa kumwambia. Mwanasaikolojia wa Marekani Jonathan Haidt, katika kitabu chake The Anxious Generation cha mwaka 2024, anadai kwamba simu janja na mitandao ya kijamii ndiyo sababu kubwa ya kupanda kwa wasiwasi na sonona miongoni mwa vijana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010. Anashauri mtoto asipewe simu janja kabla ya miaka 14 hivi, wala asiingie mitandao ya kijamii kabla ya 16. Kitabu hicho kimesomwa na wanasiasa wengi, na tutaona baadaye kidogo mmojawapo wa mikondo yake ulikoishia.

Anayetaka kuambiwa kwamba mambo yanatiwa chumvi naye hatakosa wa kumtuliza. Mwaka 2019 Amy Orben na Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford walichapisha uchambuzi wa taarifa za vijana zaidi ya 355,000 wa Marekani na Uingereza. Walikuta matumizi ya teknolojia ya kidijitali yanaeleza si zaidi ya asilimia 0.4 ya tofauti ya ustawi kati ya kijana mmoja na mwingine. Ili msomaji apate picha ya udogo huo, walionyesha kwamba kula viazi mara kwa mara kulikuwa na uhusiano hasi unaokaribiana na huo. Hakuna ukoo uliowahi kuitisha kikao kwa sababu ya chipsi.

Kisha kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, uliochapishwa mwaka 2025 na kuhusisha wanafunzi 1,227 katika shule 30. Baadhi ya shule zilizuia simu, nyingine ziliruhusu. Watafiti hawakuona tofauti ya afya ya akili kati ya makundi hayo mawili, wala tofauti ya maana katika muda wote ambao wanafunzi walitumia simu kwa siku. Lakini ndani ya takwimu hizohizo, wanafunzi waliotumia simu muda mrefu zaidi walikuwa na usingizi mbaya zaidi, nidhamu ya darasani yenye kasoro zaidi na mazoezi machache zaidi. Marufuku ya saa za masomo haikuyagusa hayo, kwa kuwa saa zenyewe hazikuwa za masomo.

Mzazi wa Temeke anaweza kusema, na ana haki, kwamba tafiti hizi zote ni za Wazungu wenye chumba kila mmoja na intaneti isiyokatika. Ni kweli, na ndiyo maana sioni busara ya kubeba asilimia zao na kuzipachika kwenye familia inayolala watu watano katika vyumba viwili. Lakini ukizisoma kwa pamoja, zote zinaelekeza mahali pamoja: idadi ya saa kwa ujumla ni kipimo kibovu. Saa mbili za kuchati na binamu aliye Muscat jioni ya Jumamosi hazifanani na saa mbili zilezile kuanzia saa sita usiku wa Jumanne. Ugomvi wa sebuleni hauzitenganishi, na kijana anajua kwamba hauzitenganishi, ndiyo maana anaudharau.

Hapa kwenye usingizi hakuna ubishi mkubwa

Ukitoka kwenye furaha na huzuni ukaingia kwenye usingizi, wataalamu wanaacha kuvutana sana. Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kilishauri mwaka 2016 kwamba kijana wa miaka 13 hadi 18 alale saa 8 hadi 10 kwa siku. Mwaka huohuo jarida la JAMA Pediatrics lilichapisha mapitio ya tafiti 20 zilizowahusu watoto 125,198: waliotumia kifaa wakati wa kulala walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kutopata usingizi wa kutosha. La kushangaza zaidi, hata waliokuwa na kifaa karibu bila kukitumia walilala pungufu kuliko wasiokuwa nacho. Simu iliyo chini ya mto inafanya kazi hata ikiwa imezimwa kioo, kwa kuwa anayeilalia anasubiri itetemeke.

Piga hesabu ya kwetu. Mwanafunzi wa kutwa anayekaa Chanika na kusoma katikati ya jiji huamka saa kumi na moja alfajiri ili awahi daladala kabla makonda hawajaanza kuwakataa wanafunzi. Kwa kiwango cha chini cha saa 8, alipaswa kuwa amelala saa tatu usiku. Mwili wake wenyewe haumsaidii, maana katika balehe saa ya ndani husogea mbele, na kichocheo cha usingizi, melatonini, huchelewa kutoka kuliko kwa mtoto mdogo au mtu mzima. Kwa hiyo hata bila simu angepata taabu kulala mapema. Akishika simu mpaka saa nane, anabaki na saa tatu. Mwalimu wa kipindi cha kwanza cha hisabati anapomwita mvivu anakuwa ameona matokeo, chanzo hakijui.

Soko nalo limechagua upande. Kampuni za simu nchini zimekuwa zikiuza vifurushi vya usiku kwa bei ndogo kuliko vya mchana, vinavyoanza saa sita usiku na kwisha alfajiri. Kibiashara ni sahihi kabisa, mitambo iko wazi na wateja wamelala. Lakini kijana mwenye shilingi mia tano mfukoni anafanya hesabu yake kama mtu mzima yeyote: mchana atapata MB za kuonja, usiku atapata za kushiba. Tukimlaumu kwa kukesha tukumbuke kwamba kwa bei hizo kukesha ndiko kubana matumizi.

Kuna jambo jingine ambalo tafiti za kigeni haziwezi kutuonyesha kwa kuwa linahusu namna nyumba zetu zinavyoishi. Kushuka ukurasa bila mwisho, ufundi ambao Mmarekani Aza Raskin aliubuni mwaka 2006 na baadaye akaujutia hadharani, uliondoa ile sehemu ya chini ya ukurasa iliyokuwa ikimpa mtu nafasi ya kuacha. Mchana, katika nyumba ya Kiswahili, nafasi hiyo ya kuacha bado ipo, ila iko nje ya simu. Kijana anatumwa chumvi dukani, anaitwa kushika mtoto, anaambiwa aoshe masufuria, adhana inaadhiniwa, mgeni anapiga hodi naye anatakiwa ainuke asalimie. Anasonya, lakini anainuka. Baada ya saa nne usiku hakuna anayemwita. Wakati huohuo, mwenye nia mbaya anayeomba picha anajua vizuri kwamba saa saba usiku hakuna mama wa kuchungulia begani.

> "Mchana nyumba yenyewe inamkatiza. Usiku hakuna anayemtuma chumvi."

Ndiyo sababu ninapendekeza mzazi aachie sehemu kubwa ya mchana na asimame imara mahali pamoja. Saa fulani iliyotajwa, tuseme saa tatu na nusu, simu zinakusanywa na kuwekwa mahali pamoja palipo karibu na mzazi, zinachajiwa hapo, zinarudi alfajiri. Si adhabu, wala haingoji kosa litendeke. Inatamkwa siku simu inapokabidhiwa, kabla kijana hajaizoea bila sharti. Matokeo yake yasitiwe chumvi. Katika jaribio moja la Australia lililochapishwa mwaka 2019, vijana 63 wa miaka 14 hadi 18 waliacha simu saa moja kabla ya kulala kwa usiku wa siku za shule, wakapata dakika 21 zaidi za usingizi kwa usiku. Kwa siku tano hiyo ni saa 1 na dakika 45. Jaribio hilo lina jambo jingine la kutazamwa: wengi wa vijana walioombwa kushiriki walikataa. Kanuni ya usiku haitapokelewa kwa vigelegele.

"Atangoja tulale"

Pingamizi la kwanza analo kila mama: mtoto atatoa simu moja akabaki na nyingine, au atanyata saa saba aichukue kabatini. Baadhi watafanya hivyo. Lakini kuna tofauti kati ya kijana anayekesha kwa sababu hakuna aliyesema asikeshe na yule anayelazimika kunyata gizani kuvunja jambo lililokubaliwa. Wa kwanza ni wengi mno kuliko wa pili, na kanuni huwekwa kwa ajili ya wengi. Yule wa pili, anayeshindwa kupitisha usiku mmoja bila simu hata akijua atagundulika, amempa mzazi taarifa muhimu ambayo kelele za mchana zisingeitoa. Huyo anahitaji mazungumzo marefu zaidi, pengine na mtu mwingine anayemwamini, na namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto ipo bure kwa mtoto mwenyewe na kwa mzazi.

La pili ni la nafasi. Ushauri wa "simu ilale sebuleni" umeandikwa kwa ajili ya nyumba ambayo sebuleni hakulali mtu. Kwetu sebule ndiyo chumba cha vijana wa kiume, godoro linatandikwa baada ya taarifa ya habari. Basi simu ilale chumbani kwa wazazi, au ndani ya kabati la vyombo lenye kufuli, au kwa bibi. Hapa kanuni hii inazishinda programu zote za udhibiti. Family Link ya Google ipo tangu 2017 na ni nzuri kwa mzazi mwenye simu janja, akaunti na subira, ila bibi wa Newala anayelea wajukuu wanne kwa kitochi hawezi kuiendesha. Kupokea simu nne saa tatu usiku na kuzifunga kwenye upindo wa khanga anaweza, na hakuna mjukuu atakayethubutu kufungua upindo huo.

Pingamizi la tatu ni zito kuliko yote, na wanaolitoa ni vijana wenyewe: simu ni kitabu. Si kisingizio tu. Katika shule ambako kitabu kimoja cha fizikia kinagawanywa kwa dawati zima, mitihani ya miaka ya nyuma hupatikana kwenye makundi ya WhatsApp, masomo yapo Shule Direct, na vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba ya mtandaoni ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Shule zilipofungwa kuanzia Machi 17, 2020 kwa sababu ya korona, ni vifaa hivi, pamoja na redio na televisheni, vilivyobakiza harufu ya shule majumbani. Mzazi anayempokonya simu mtoto wa Kidato cha Pili wiki mbili kabla ya upimaji wa kitaifa anaweza kuwa amempokonya daftari. Lakini ndiyo hasa sababu ya kuuachia mchana na jioni. Mtihani wa zamani unapakuliwa saa kumi na mbili jioni, unanakiliwa au kusomwa, na maswali yake yanajibiwa kwenye karatasi. Anayesema anaweza kusoma saa nane usiku tu, kwenye kioo kilekile chenye TikTok, anasema jambo ambalo yeye mwenyewe haliamini.

Yaliyobaki ni madogo. Alamu? Saa ya mezani ipo Kariakoo kwa bei isiyozidi ya mabando ya wiki chache, na kitochi kina alamu, kina tochi umeme ukikatika, na kinapokea simu ya dharura. Kur'ani na Biblia zilizo kwenye simu zinasomeka alfajiri simu inaporudi.

Kuna pia wazazi wanaoona haya yote ni kubembeleza, mtoto apekuliwe meseji zake zote na akibainika achapwe. Kwa mtoto wa miaka 11 kuona anachokiona ni wajibu. Kwa wa miaka 16 upekuzi wa siri una tija ndogo, kwa kuwa jibu lake linajulikana: akaunti ya pili, programu iliyofichwa ndani ya folda ya kikokotoo, simu ya rafiki. Zaidi ya hayo, siku mtu mzima atakapomtishia kusambaza picha yake, mtoto aliyezoea kuchapwa kwa sababu ya simu atamficha mzazi kwanza. Jambo ambalo mzazi ana haki ya kulikagua waziwazi ni pesa. Mikeka ya mpira inasukwa kwenye simu, umri halali wa kubeti ni miaka 18, na kijana anayebeti kwa laini ya mama anabeti kwa jina la mama. Taarifa ya miamala ya mwezi haihitaji upekuzi, inaombwa tu.

Baba naye

Kanuni ya usiku ina gharama ambayo wazazi hawapendi kuitaja. Katika utafiti wa taasisi ya Pew uliotolewa Marekani mwaka 2024, asilimia 46 ya vijana walisema mzazi wao, angalau mara mojamoja, anavurugwa na simu wanapojaribu kuzungumza naye. Wazazi waliokiri hivyo walikuwa asilimia 31. Sidhani pengo hilo ni la Marekani pekee. Baba anayekula ugali mkono wa kulia na kuperuzi kwa wa kushoto, mama ambaye kundi la vikoba halimwachi mpaka saa tano usiku, hawana mdomo wa kusema. Si lazima simu zao nazo zifungwe kabatini, maana mzazi ana wagonjwa, ana wateja, ana misiba. Lakini zikipumzika mezani saa ileile, hata kama si zote, kijana atakosa hoja yake bora kuliko zote.

Utafiti huohuo una jambo linaloweza kuwashangaza wanaodhani vijana wote wamelewa: asilimia 38 ya vijana walisema wao wenyewe wanatumia simu kupita kiasi, na asilimia 72 walisema hujisikia wametulia, walau wakati mwingine, wanapokuwa hawana simu. Kwa kijana wa aina hiyo kanuni ya mzazi ni kisingizio kizuri. Anaweza kuliambia kundi la darasa lililofurika ujumbe usiku kwamba "mshua kachukua simu", na heshima yake ikabaki.

Wenye bando na wenye sheria

Ni rahisi kuuliza kwa nini mzigo wote abebe mzazi wakati wanaotengeneza programu na wanaouza MB wanaingiza fedha. Swali hilo ni halali. Australia imelijibu kwa sheria, na hapa ndipo mkondo wa Haidt ulipoishia: tangu Desemba 10, 2025 mitandao mikubwa ya kijamii inatakiwa kuwazuia wenye umri chini ya miaka 16 kuwa na akaunti, na kampuni inayokaidi inaweza kutozwa faini hadi dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Nairobi, mwaka 2023, Bunge lilipokea ombi la wananchi la kuifungia TikTok, na halikufika huko. TikTok yenyewe mwaka huohuo iliweka ukomo wa dakika 60 kwa siku kwa walio chini ya miaka 18, ukomo ambao kijana anauvuka kwa kuandika namba ya siri.

Kwetu sheria ya umri ingegonga ukuta wa kawaida sana: mtandao unajua nini kuhusu umri wa mtumiaji ambaye laini yake ni ya mama na simu yake ilikuwa ya kaka? Kabla ya kuiga Australia kuna jambo jepesi zaidi ambalo mamlaka na kampuni za simu zingeweza kulifanya bila muswada. Vifurushi vya usiku vingeweza kufungwa kwa laini ambazo mwenye usajili ametamka kwamba zinatumiwa na mtoto, na mzazi akapewa namba fupi ya kupiga kutamka hivyo. Kampuni zitasema wazazi hawatajisumbua. Huenda, lakini kwa sasa hata anayetaka kujisumbua hana pa kubonyeza.

Na muda wa mzazi si mrefu. Siku kijana atakapotimiza miaka 18 atakwenda na namba yake ya NIDA kwa wakala wa kona, ataweka kidole, na laini itakuwa yake kwa jina lake, bando la usiku likiwemo. Aliye Kidato cha Pili leo amebakiza kama miaka mitatu. Aliyemaliza Kidato cha Nne huenda amebakiza miezi.